Bastola ya Fataki: Majina ya Viungo Vyake na Jinsi ya Kuitunza

Neno fataki watoto wetu wa leo hulijua kwa habari za sikukuu: ni ile mioto irushwayo angani usiku, ikapasuka kwa kishindo na rangi nyingi. Lakini mwalimu akisoma habari za misafara ya karne ya 19, neno lilo hilo lamjia kwa maana nyingine. Humo fataki ni kikofia cha shaba nyekundu, kidogo kuliko punje ya hindi, ambacho ndani yake kimepakwa dawa ishikayo moto igongwapo. Kikofia hicho ndicho kilichowasha baruti ya bunduki na bastola za siku zile, kabla ya kuja kwa risasi zenye ganda lao zenyewe.

Katika silaha zilizotumia fataki, iliyo maarufu kuliko zote ni bastola yenye silinda izungukayo, iliyopiga mara tano au sita bila kushindiliwa upya. Nimeichagua kuieleza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya lugha: viungo vyake karibu vyote vina majina tayari katika Kiswahili, nayo hayataki kuazimwa, yataka kukumbukwa tu. Ya pili ni ya kazi: wengi wenye kuitunza silaha hii, kwa nia njema kabisa, huiharibu. Maana bastola ya fataki haiharibiwi na kupigwa. Huharibiwa na kulala chafu, hata usiku mmoja. Na mtu aipakaye mafuta kabla ya kuiosha, hakuitunza; ameufunika uchafu tu.

ASILI YAKE

Mwanzo wa fataki watoka kwa mtu wa kanisa. Alexander John Forsyth alikuwa mchungaji wa parokia ya Belhelvie, karibu na Aberdeen katika Uskoti, naye alipenda kuwinda ndege. Bunduki za siku zake zilikuwa za gumegume: jiwe hupiga chuma, cheche huangukia baruti iliyo katika kibakuli cha nje, mwako na moshi huonekana, na baadaye kidogo ndipo baruti ya ndani ishikapo. Ndege walipouona mwako ule waliruka, na marisaa yakapita mahali walipokuwapo. Forsyth akatafuta dawa iwakayo kwa kugongwa tu, pasipo mwako wa nje, na mwaka 1807 alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake. Baada yake mafundi wengine waliitia dawa hiyo katika kikofia cha shaba, na desturi ya fataki ikaenea Ulaya na Marekani.

Samuel Colt wa Marekani alipata hati ya bastola yake yenye silinda mwaka 1836. Aina iliyopendwa sana ni ile ya mwaka 1851 iitwayo Navy. Katika kiwanda chake cha Hartford, Connecticut, ziliundwa zaidi ya 200,000, na tangu mwaka 1853 nyingine ziliundwa London. Kampuni ya Remington, ya Ilion katika jimbo la New York, iliunda bastola zake pia, nazo zilikuwa na upau wa chuma juu ya silinda, hali zile za Colt zilikuwa wazi juu. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1861 hata 1865, silaha hizi zilibebwa na pande zote mbili. Kisha katika miaka ya 1870 risasi zenye ganda la shaba zilizishinda, zikawekwa kando.

Walakini hazikufa. Tangu mwisho wa miaka ya 1950 mafundi wa bonde la Val Trompia, karibu na Brescia katika Italia, wameziunda upya kwa mfano wa zile za kale, na wapiga shabaha wa Marekani na Ulaya huzitumia katika mashindano yao mpaka leo. Ndiyo maana elimu ya kuzitunza haikupotea: ingali mikononi mwa watu wazitumiao.

MAJINA YALIYOKUWA YETU TANGU ZAMANI

Pwani yetu ilizijua bunduki za namna tatu zenye kushindiliwa mdomoni. Ya mrao iliwashwa kwa utambi wenye moto; ya gumegume iliwashwa kwa jiwe; na ya fataki iliwashwa kwa kikofia. Bunduki hizo zilipita Unguja na bandari za Mrima zikaingia bara pamoja na misafara. Tena Mapatano ya Brussels ya mwaka 1890 yalizuia bunduki za kisasa zisiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika, ila yaliruhusu gumegume zisizochongwa mifereji ndani, pamoja na baruti ya kawaida. Kwa hiyo magobori yalidumu katika nchi zetu muda mrefu baada ya Wazungu kuyaacha kwao, na maneno yake yakadumu nayo.

Basi tuitazame bastola tukiwa na maneno hayo. Mwanzi wa chuma ipitamo risasi ni kasiba, na wengine huuita mtutu. Sehemu ishikwayo mkononi ni tako, au kitako kwa kuwa ni dogo. Vyuma vya ndani viendeshavyo kazi, pamoja na kamani yake, ni mtambo. Na kuvuta nyundo nyuma, tayari kwa kupiga, wazee walikuita kupanza mtambo. Kile kivutwacho kwa kidole ni kifyatulio. Kijiti kifupi cha chuma chenye tundu jembamba, ambacho fataki huvikwa juu yake, ni kifa, na vikiwa vingi ni vifa. Fimbo ya kushindilia ni mdeki. Katika gobori mdeki huchomolewa na kutumiwa kwa mkono. Katika bastola umefungwa kwa bawaba chini ya kasiba, husukumwa kwa wenzo.

Viungo viwili tu vyataka maelezo. Silinda ni kipande kinene cha chuma, cha mviringo, chenye matundu sita kwa mbele na vifa sita kwa nyuma. Kila nyundo ivutwapo, silinda huzunguka hatua moja. Ya pili ni kabari: katika bastola ya Colt, kasiba hushikwa na mhimili wa silinda kwa kabari ya chuma ipitayo ubavuni. Neno hili kila seremala na kila mpasua kuni alijua. Halikuhitaji kubadilishwa hata kidogo.

Kuijaza ni hivi. Katika kila tundu hutiwa kiasi cha baruti, kama gramu 1 na nusu kwa bastola ya Navy; juu yake pengine kidonge cha sufi iliyoshindiliwa, chenye nta na shahamu; kisha risasi ya mviringo. Risasi hiyo ni nene kidogo kuliko tundu, hata mdeki ukiisukuma hukwanguliwa ukingoni, na pete nyembamba ya risasi hubaki nje. Pete hiyo ni dalili njema, maana yaonyesha kwamba tundu limezibwa barabara. Tundu lisipozibwa, au fataki ikilegea juu ya kifa, moto wa tundu moja waweza kurukia la jirani, na matundu mawili au matatu yakalipuka pamoja mkononi mwa mtu. Fataki huvikwa mwisho wa yote. Wenye busara hujaza matundu matano tu, wakailaza nyundo juu ya lile tupu.

ADUI YAKE

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Katika sehemu 100 shura ni 75, makaa 15, na kiberiti 10. Mtu hudhani ikiisha kuwaka imekwisha kuwa moshi. Sivyo. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kama vumbi na masizi, baadhi hutoka na moshi, na baadhi hugandama katika kasiba, katika matundu, na kuzunguka mhimili. Masizi hayo si makaa matupu. Ndani yake mna chumvi za namna mbalimbali, na mojawapo ni ileile chumvi ya majivu ambayo mama zetu huichuja kwa maji ili kulainisha mboga ngumu.

Kila aliyeweka chumvi hiyo katika kibuyu kilicho wazi ajua tabia yake: huvuta maji kutoka hewani mpaka hulowa yenyewe. Ndivyo ifanyavyo ndani ya bastola. Jioni masizi ni makavu. Usiku hunywa unyevu. Asubuhi chuma kimelala katika maji ya chumvi, na kutu imeanza. Tena fataki za zamani zilizidisha madhara. Dawa yao ya zebaki mara nyingi ilichanganywa na chumvi nyingine ambayo, ikiisha kuwaka, huacha mabaki kama chumvi ya kupikia. Fataki nyingi za leo hazina ubaya huo, lakini baruti ni ileile. Katika nchi kavu uharibifu huchukua siku kadhaa. Pwani, penye hewa nzito, usiku mmoja watosha.

Hapa ndipo sababu ya kanuni yote ionekanapo. Chumvi huyeyushwa na maji. Haiyeyushwi na mafuta. Mwenye kumimina mafuta juu ya masizi huzifungia chumvi zikae zikishikamana na chuma. Tena mafuta mengi ya mashine, yakikutana na masizi ya baruti na joto, hugeuka kitu kizito kama lami, hata silinda hukataa kuzunguka.

KUIOSHA

Kwanza, hakikisha kwamba haina kitu. Elekeza mdomo mahali pasipo mtu, ondoa fataki zote, kisha ingiza kijiti katika kila tundu ulinganishe kina chake. Tundu ambalo kijiti kimeingia kifupi kuliko mengine lina kitu ndani. Usiendelee mpaka limetolewa na mjuzi.

Pili, ifungue. Vuta nyundo mpaka kati, uisukume kabari itoke kwa nyundo ndogo ya mti au ya shaba, wala usitumie ya chuma. Kasiba ikikataa kutoka, usiipigepige. Zungusha silinda hata ukuta ulio kati ya matundu mawili uelekee mdeki, kisha usukume mdeki juu ya ukuta huo. Kasiba itajisogeza mbele yenyewe. Bastola ya Remington haina kabari: hushushwa wenzo wa mdeki, mhimili huvutwa mbele, na silinda hutoka ubavuni.

Tatu, fungua vifa kwa spana yake. Wengi huiruka kazi hii kwa uvivu, na kifa kikiisha kushikwa na kutu katika parafujo yake hakitoki tena ila kwa kuvunjwa.

Nne, osha kwa maji ya moto yenye sabuni kidogo. Tako la mti lisitiwe majini. Lifunguliwe liwekwe kando. Pitisha brashi katika kasiba toka nyuma kwenda mbele, na katika kila tundu. Safisha tundu la kifa kwa uzi wa shaba, maana hilo ndilo njia ya moto. Maji yatakuwa meusi na kunuka kama yai bovu. Harufu hiyo ni ya kiberiti. Badilisha maji mpaka yatoke meupe.

Tano, suuza kwa maji yaliyochemka. Faida yake si usafi tu. Chuma kikipata moto sana hujikausha chenyewe upesi, hata mahali ambapo kitambaa hakifiki. Kisha pitisha matambara makavu, na uache vipande juani au karibu na moto mpaka usiwe na shaka.

Sita, sasa ndipo mafuta, chuma kikingali na uvuguvugu. Paka kidogo, kwa kitambaa, ndani na nje. Parafujo za vifa na mhimili wa silinda zipakwe shahamu iliyochanganywa na nta, kwa kuwa mafuta ya wanyama na ya nyuki hayageuki lami pamoja na baruti. Hulainisha masizi yakaondoka kwa urahisi. Ukitumia mafuta mepesi ya mashine kwa kuiweka, yafute yote siku ya kupiga, kabla ya kutia baruti.

Saba, irudie kesho yake. Pitisha kitambaa cheupe katika kasiba. Kikitoka kisafi, kazi imekwisha. Kikitoka na rangi ya udongo, kutu imebaki: osha tena.

Mtambo hauhitaji kufunguliwa kila mara, lakini usisahauliwe. Fataki ikilipuka hupasuka, na vipande vyake vya shaba huanguka mbele ya nyundo au ndani ya mtambo, vikazuia silinda. Baada ya kupiga mara kadhaa, mtambo ufunguliwe kwa bisibisi ienayo sawasawa katika parafujo, usafishwe, upakwe mafuta. Bisibisi nyembamba kupita kadiri huziharibu parafujo, na parafujo zilizochubuka ni alama ya fundi mwenye haraka.

SILAHA YA KALE KWELI

Yote niliyosema ni kwa bastola zilizoundwa upya, zenye kutumiwa. Ile iliyo ya kale hasa, iliyokaa katika nyumba ya makumbusho au katika kabati la misioni, kanuni yake ni nyingine. Usiing'arishe kwa majivu wala msasa. Rangi ya hudhurungi iliyotulia juu ya chuma ni sehemu ya historia yake, ikikwanguliwa hairudi. Usiishike kwa mikono mitupu, kwa sababu jasho lina chumvi. Usiiweke ndani ya ala yake ya ngozi, kwani ngozi hutunza unyevu na asidi za dawa ya kuilainishia, na chuma huliwa humo. Yatosha kuondoa vumbi kwa kitambaa laini, kupaka nta nyembamba, na kuiweka mahali pakavu.

Zaidi ya hayo yote: usidhani kwamba uzee umeiondolea hatari. Baruti nyeusi ikikaa kavu haifi kwa miaka 100 wala zaidi. Mwaka 2008 huko Virginia, Marekani, mtu mmoja aliyezizoea silaha hizo aliuawa na kombora la vita vya mwaka 1861 hata 1865 alipokuwa akilisafisha. Basi mwalimu au padre akikuta bastola au gobori katika ghala la zamani, asipanze mtambo ili kujaribu, wala asiwape watoto waitazame. Afunge mlango, aite polisi, maana silaha, hata mbovu, ni jambo la sheria, tena ni jambo la uhai.

Nimepata kuona bastola moja ya namna hii iliyotunzwa katika kabati la misioni moja. Kila mwaka, wakati wa kusafisha nyumba, ilipakwa mafuta na kufungiwa tena, na kwa nje iling'aa kama mpya. Mjuzi alipoletwa kuifungua, silinda haikuzunguka. Alipoitoa kwa taabu, tuliona matundu yameliwa na kutu mpaka kuta zake zimekuwa nyembamba kama ganda la yai, na chini ya kila tundu mna masizi ya mapigo ya mwisho, yasiyooshwa tangu siku ile. Miaka yote hiyo mikono ya upendo ilipita juu ya uchafu. Walioipaka walikuwa watu waangalifu. Hawakuambiwa tu kwamba maji hutangulia mafuta.

Tuliposimama pale, mzee mmoja aliyewahi kuwinda kwa gobori ujanani mwake alivitaja viungo kimoja kimoja: kasiba, mtambo, kifa, mdeki. Vijana waliokuwapo, tena wenye elimu, hawakujua hata kimoja, wakaviita vyote vyuma. Nami nilifikiri kwamba maneno nayo hushikwa na kutu kwa jinsi ileile. Tunayasifu katika hotuba, tunayafungia katika kamusi, lakini hatuyafungui kuyatumia. Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu: somo la misafara likifika, msiwaambie watoto neno bunduki likaishia hapo. Chora gobori ubaoni, uandike majina ya viungo vyake, na uwaulize watoto kama nyumbani yupo babu ayajuaye mengine zaidi. Mzee akiisha kwenda, hakuna maji ya moto yatakayoyarudisha.